Mtani Aliyenusa Mitungi

Siku Emosi alipomwona Vereniki kwa mara ya kwanza, wanawake wa kijiji cha Naivisere walikuwa wamemshika mikono na miguu, wanamzamisha baharini.

Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye boti la mizigo, amevaa shati la maua lililopigwa pasi vizuri, begani amebeba mtungi wa hewa kama mtu aliyebeba gogo la kuni. Kabla hajafika kwenye mchanga mkavu mtu akamuuliza, "Wewe wa wapi?" Naye akajibu kwa kiburi cha makusudi, "Yadralevu, kwa watu wanaooga." Hapo hapo ndoo zikatoka majumbani.

Watu wa Naivisere na watu wa kisiwa cha Yadralevu ni watani tangu mababu. Wanaibiana kuku, wanatukanana mbele ya mchungaji, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika analipa nguruwe.

Mama yake Emosi, Vilisi, ndiye aliyemkalia mgeni kifuani. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya mto.

"Mla kaa wewe! Umekuja kufanya nini kwenye nchi ya watu?"

"Mama, niachie roho yangu! Nimemfuata mke wangu!"

"Mke gani atakayekubali kulala na mtu anayetembea ubavu ubavu?"

Mke mwenyewe, Torika, binti wa baba mdogo wa Emosi, alikuwa amesimama ufukweni ameshika tumbo kwa kucheka. Hakumtetea hata kidogo.

Emosi alikuwa pembeni anaosha injini ya boti kwa maji baridi, mkono mmoja umeshika mhogo wa kuchemsha. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza kando ya masikio, na kwa kawaida mambo yakianza kuchangamka yeye hutafuta kitu cha kuosha. Yule mgeni alipoponyoka akamjia moja kwa moja huku anachuruzika maji, akampokonya mhogo mkononi, akaung'ata. Watu wote wakanyamaza wakisubiri Emosi ajibu. Emosi akatazama mchanga.

"Huyu vipi?" mgeni akauliza. "Ulimi wake ameuacha kwenye suruali nyingine?"

"Huyo ni kaka yangu, mwache," Sailasa akapaza sauti. Sailasa ndiye mdogo wake Emosi, na kicheko cha mama yao alikirithi yeye chote. "Yeye utani haujui. Ukimwambia mwezi umeanguka nyuma ya kanisa, anachukua tochi aende kuutazama."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Katikati ya makelele yale mgeni alimrudishia Emosi kipande cha mhogo kilichobaki, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, "Samahani, shemeji."

Emosi hakuwahi kumsikia mtu wa Yadralevu akiomba samahani.

Vereniki alikuwa mzamiaji. Miaka mingi alifanya kazi kwenye hoteli moja upande wa magharibi, akiwashusha wageni chini ya maji na kuwapandisha. Kimbunga kikang'oa paa la hoteli, wenye hoteli wakaondoka, naye akabaki na mtungi mmoja na kipumulio kimoja, kile kidude cha kuuma mdomoni kinachomletea mtu hewa kutoka kwenye mtungi. Kipumulio kile alikitunza kuliko alivyotunza meno yake. Alikisuuza kwa maji baridi kila siku, hata siku ambazo hakukitumia, akakitundika kivulini, mbali na jua.

Alikuja kuishi ukweni kwa sababu kwao kimbunga kilikuwa kimechukua nyumba pia. Mwanamume anayeishi kwa mkewe hana sauti kubwa pale Naivisere. Kwenye ukumbi wa kijiji alikaa chini karibu na mlango, pamoja na vijana wanaosubiri kutumwa. Lakini mtani haachi kusikika. Kila alipofungua mdomo watu walikuwa wameshaanza kucheka, naye aliwapa walichotaka. Alimwambia mchungaji kwamba mahubiri yake yamemponya ugonjwa wa kukosa usingizi. Aliiba chungu cha Vilisi chenye samaki wa tui, akakirudisha kimejaa kokoto, na Vilisi akamkimbiza kwa fagio kuzunguka kanisa, wote wawili wakihema kwa furaha.

Emosi ndiye aliyegundua kwamba mtu huyu ana sauti mbili. Nchi kavu alipiga kelele. Ndani ya boti, wakiwa wawili tu, injini imezimwa, sauti ilishuka na maneno yakawa machache.

Siku moja Emosi alimwonyesha miwani ya kuzamia aliyonunua mjini.

"Ulimuuliza nani kabla ya kununua?" Vereniki akasema.

"Muuzaji."

"Alikuwa na alama ya miwani usoni? Hapa, kuzunguka macho?"

"Sikumtazama."

"Mtu asiye na alama ya miwani usoni usimuulize habari za miwani. Haya, iweke bila mkanda. Vuta pumzi kwa pua. Achia mkono."

Miwani ikaanguka miguuni.

"Ya mtu mwenye uso mpana hiyo. Itakuingiza maji mpaka uzeeke." Akaigeuzageuza. "Kule hotelini wageni walikuwa wanataka rangi. Nyekundu, kijani. Mimi nawaambia, chini kule rangi nyekundu haionekani, bwana, utavaa nyeusi kama sisi. Chagua kinachokukaa. Ukishuka, ni wewe na hicho tu."

Emosi, ambaye darasani alifika mpaka mwisho wa shule ya msingi na hakuwahi kupenda kuuliza swali, alijikuta anamuuliza mtu huyu maswali. Hakuna hata moja alilochekwa.

Kisha serikali ikafungua msimu wa majongoo bahari.

Majongoo ya maji mafupi yalikwisha zamani, wakati wa baba zao. Yale makubwa meupe, yanayotakiwa na wanunuzi wa mjini, yako chini kabisa, pale maji yanapogeuka rangi ya wino. Mtu hafiki huko kwa pumzi ya kifua. Kijiji kikahitaji mitungi, na Sailasa alikuwa wa kwanza kuandikwa kuzamia. Alikuwa na kifua kipana, na mke wake alikuwa na mimba. Emosi akapewa kuendesha boti. Tangu siku ile kitu kimoja tu kilimkaa Emosi kichwani: huyu mdogo wangu anayeshuka, apande.

Mitungi ililetwa na Amenatave. Huyo, mama yake alizaliwa Naivisere akaolewa mjini, kwa hiyo yeye ni mpwa wa kijiji kizima, na mpwa kwa desturi hanyimwi kitu. Akitamani nguruwe wako anamchukua. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda watoto. Alinunua vifaa vyote vya duka moja la wazamiaji lililofungwa, pamoja na kompresa yake ya kujazia hewa, akavipakia kwenye boti, na alipofika hakuvishusha kama bidhaa. Alipiga magoti ukumbini na jino la nyangumi mikononi, akasema maneno ya zamani kwa sauti inayotetemeka, kwamba analeta mali kwa wajomba zake. Mzee wa kijiji akalipokea jino, akalibusu. Wanaume wakapiga makofi mazito, wakakoroga yaqona, kinywaji cha mizizi cha kupokelea wageni, bakuli likazunguka. Baada ya hapo vifaa vile havikuwa tena vyuma na mpira. Vilikuwa heshima.

Kesho yake Emosi alimfungulia Vereniki stoo nyuma ya ukumbi. Vereniki aliinama juu ya mtungi wa kwanza, akafungua hewa kidogo, akanusa. Akafungua wa pili.

"Njoo unuse."

"Inanuka jiko," Emosi akasema.

"Hewa nzuri hainuki kitu. Hii kompresa yake inavuja mafuta." Akapitisha kidole kwenye shingo ya mtungi, palipogongwa tarehe ya kukaguliwa. Palikuwa pamekwanguliwa kwa tupa. Akachukua kipumulio, akakivuta kwa mdomo bila kukifunga kwenye mtungi. "Ukivuta hivi kinatakiwa kikubane, usipate hata chembe. Sikiliza." Kilipiga mluzi kama chupa. "Mpira wa ndani umechanika. Kitampa maji."

Kisha akashika kipimo, ile saa ndogo inayomwonyesha mzamiaji hewa iliyobaki. Kilikuwa kinaning'inia kwenye mpira wake, hakijafungwa kwenye chochote. Mshale ulitakiwa ulale kwenye sifuri. Ulikuwa umesimama kwenye hamsini. Akakigonga. Akakigonga tena kwenye goti.

"Hiki kitamwambia mtu bado ana hewa," alisema, "wakati mtungi mtupu."

Walikagua vyote mpaka jua likahama dirishani. Hapakuwa na kipimo kizima hata kimoja, na vipumulio vyote vilikuwa vibovu.

Jumamosi ile kulikuwa na kikao. Vereniki alivaa shati lake la maua, akasubiri wazee wamalize, kisha akaomba kusema. Kabla hajasema watu walishaanza kutabasamu. Vilisi alimgonga jirani yake kiwiko.

"Wazee wangu," alisema, "hivi vifaa visitumike. Vitaua mtu."

Ukumbi ukalipuka.

"Kaa anaogopa maji!"

"Anataka aachiwe majongoo peke yake!"

"Yadralevu wanazamia kwenye beseni!"

Vereniki hakujibu tusi hata moja. Alisubiri. Akarudia maneno yale yale polepole, akieleza mafuta, tarehe, kipimo. Na kadiri alivyozidi kuwa makini ndivyo walivyozidi kucheka, maana hawakuwahi kumwona akifanya uso ule, na waliona ni mchezo mpya, mzuri kuliko yote. Mzee mmoja alifuta machozi. Amenatave mwenyewe, aliyekaa mbele kabisa, alicheka kwa adabu. Vilisi aliinuka, akachukua kata ya maji, akammwagia kichwani.

"Umeturoga leo, mla kaa," alisema. "Mbavu zangu!"

Maji yakamchuruzika usoni. Na Emosi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusema neno ndani ya ukumbi ule, akasimama.

"Anasema kweli," alisema. "Hatanii."

Kisha Sailasa akapiga kelele, "Mleteeni tochi! Mwezi umeanguka!"

Wakacheka mpaka bati likaitika. Hapo ndipo jambo lilipokwisha. Kama palikuwa na mtu mmoja mle ndani aliyeanza kuwa na shaka, shaka ile iliondoka, kwa sababu Emosi ameamini, na Emosi huamini kila kitu.

Nyumbani alijaribu tena. Sailasa alikuwa anakula magimbi, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Sailasa, kipimo kile kimekwama. Nimekiona mwenyewe."

"Kaka, umeonyeshwa na nani?"

"Na Vereniki."

"Basi." Akalamba vidole. "Unataka niende nikamwambie mpwa wetu kwamba jino la nyangumi alilopiga magoti nalo ni takataka? Kwa sababu mtani kasema?"

"Mimi sitaendesha boti."

"Ataendesha mwingine."

Na kweli angeendesha mwingine. Kwa hiyo Emosi akaendesha, awe angalau karibu.

Vereniki hakukata tamaa siku ile. Alifikiri, kisha akafanya jambo ambalo Emosi alilistaajabia. Alichukua kipumulio chake mwenyewe, kile cha hotelini, chenye kipimo chake kizima kilichofungwa nacho, akakitundika kwenye ukingo wa baraza la Emosi mchana kweupe, akaenda zake anapiga mluzi.

"Ushauri wangu hawachukui," alimwambia Emosi ndani ya boti. "Mali yangu wataiba."

Haikupita hata jioni. Sailasa alikiiba, akapita nacho kijiji kizima amekivaa shingoni kama shada la maua, watoto nyuma. Vereniki alimkimbiza akipiga mayowe ya uongo. Akamtukania babu. Akajifanya kuanguka. Siku zilizofuata Sailasa alishuka na kipumulio kile, na kila alipotokeza juu na gunia lake la majongoo, Emosi alihisi kifua chake mwenyewe kinaachia.

Mitungi bado ilinuka. Vereniki aliosha alichoweza kuosha, akabadilisha chujio la kompresa kwa pamba na mkaa, akitukanwa anaiba mkaa. Ilikuwa afadhali kidogo.

Kisha Amenatave akaja kuchukua mzigo wa majongoo. Alikunywa chai kwa Vilisi. Alipotoka barazani aliona kipumulio kimetundikwa kivulini, kinang'aa.

"Kizuri hiki, mjomba," alimwambia Sailasa, akakichukua mkononi.

Sailasa akatabasamu. "Chako hicho."

Angesema nini tena? Mpwa ameshika. Emosi alikuwa kwenye ngazi, akaona kipumulio kinaingia kwenye mkoba, mkoba unaingia kwenye boti. Alikimbia kwenda kumwambia Vereniki. Vereniki alikuwa anamenya mhogo. Akaweka kisu chini.

"Basi mwambie hivi," alisema. "Mwambie ile saa ya stoo inaongopa hamsini. Ikisoma mia, apande. Asingoje."

Emosi alimwambia. Sailasa akajibu kwa sauti ya bibi kizee, "Ndiyo, bibi. Na kofia nitavaa." Vereniki naye alimwambia wakiwa ndani ya boti, asubuhi iliyofuata, na Sailasa akamrushia ganda la mhogo.

Walikuwa watatu. Bahari ilikuwa shwari. Sailasa alikaa ukingoni, akauma kipumulio kibovu cha stoo, akafanya ishara ya kaa kwa vidole kumtania Vereniki, akajiangusha nyuma.

Vereniki alitazama mapovu. Yalikuja makundi makundi, yakakaa mahali pamoja, yakasogea kidogo kuelekea kwenye kina. Emosi alishika kasia kulifuata povu. Muda ukaenda. Vereniki akasema, "Angekuwa anapanda sasa." Mapovu yakaendelea kutoka pale pale. "Panda," akayaambia maji. "Panda, mjinga wewe, panda."

Kisha yakaja mapovu mengi kwa pamoja, makubwa. Kisha maji yakawa laini.

Vereniki alikuwa ameshavaa mtungi wa pili. Alijua kipumulio cha mtungi ule kinaingiza maji, maana ndicho kilichompigia mluzi kule stoo. Alijua pia kwamba aliye chini kule hana muda wa kupandishwa polepole, na kwamba anayepanda mbio kutoka kina kile huweza kupooza. Alimtazama Emosi mara moja, akaingia.

Walipotokea, Vereniki alikuwa amemkumbatia Sailasa kwa nyuma, na gunia la majongoo bado limefungwa kwenye mkono wa Sailasa. Emosi aliwavuta. Vereniki akamlaza Sailasa, akamsukuma kifua, akampulizia mdomoni, akamsukuma, akampulizia, mpaka povu la pinki likaacha kutoka. Alipoacha alikaa chini ghafla kama mtu aliyekatwa miguu.

"Endesha," alisema.

Walikuwa hawajafika mbali alipoanza kujikuna bega. Kisha akaupiga mguu wake kwa ngumi.

"Emosi. Kanyaga mguu wangu."

Emosi akakanyaga.

"Kanyaga, nimesema."

"Nimekanyaga, shemeji."

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Vereniki akageuza uso upande wa bahari.

Ufukweni wanawake walikuwa wanaosha mikeka. Waliona boti linaingia, wakamwona Emosi anateremka majini, anamvuta Vereniki kwapani, na miguu ya Vereniki inaburuzika mchangani ikichora mistari. Sailasa alikuwa bado amelala ndani ya boti, haonekani. Vilisi ndiye aliyeanza.

"Tazameni! Mfalme wa Yadralevu anabebwa!"

"Kalewa bahari!"

"Tembea ubavu, kaa! Tembea ubavu!"

Ndoo zikachukuliwa. Walikuja mbio wanacheka, wanaume nao wakatoka kuangalia. Maji ya kwanza yalimpiga Vereniki usoni, ya pili yakamwagikia Emosi. Emosi alijaribu kusema. Aliona midomo ya mama yake imefunguka kwa kicheko, meno yote. Vereniki alilala mchangani pale alipoachiwa, hakuinua hata mkono kujikinga.

"Mama," alisema. "Mama, usiangalie ndani ya boti."

Vilisi alicheka bado, ndoo mkononi, akaenda kuangalia ndani ya boti.

Chumba cha kutibu wazamiaji kilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari, na walipomfikisha Vereniki huko wakaambiwa wamechelewa. Wakamrudisha kwenye hospitali ya mjini. Kutoka kiunoni kushuka chini hakuhisi kitu.

Sailasa alizikwa. Amenatave alikuja na jino lingine la nyangumi, akapiga magoti, akalia machozi ya kweli, na jino likapokelewa, makofi yakapigwa. Ombi la msamaha likija hivyo halikataliwi. Emosi naye alipiga makofi. Watu walisema Sailasa alikuwa na tamaa ya majongoo, na wengine walisema ni mshtuko wa moyo. Wiki iliyofuata kijana mwingine alikwenda stoo kuchagua mtungi. Emosi alimwambia kuhusu kipimo. Kijana akamsikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mfiwa, akachagua kile kile kwa sababu kioo chake kilikuwa hakina nyufa. Emosi aliacha kuendesha boti, na boti likapata mwendeshaji.

Nyumbani Vilisi aliacha kula. Alikaa kwenye mkeka anakunja na kukunjua shati la mwanawe. Mke wa Sailasa alimletea uji, ukapoa. Kisha asubuhi moja akamwita Emosi.

"Siku ile ukumbini," alisema. "Nilipomwagia maji yule mtu. Alikuwa anatania, au alikuwa anasema kweli?"

Emosi akatazama mkeka.

"Wewe ulisimama," mama akasema. "Wewe ulijua. Niambie. Niliyemcheka alikuwa anamtetea mwanangu, au alikuwa anacheza?"

Emosi akasema anakwenda kuteka maji. Aliporudi, mama alikuwa bado anangoja. Kesho yake akangoja. Hakuuliza tena, aliinua macho tu kila Emosi alipoingia, na Emosi akaona kwamba mama yake hatakula mpaka ajibiwe, na akijibiwa kweli hatakula kabisa.

Akaenda mjini. Vereniki alikuwa amelazwa karibu na dirisha, amekuwa mdogo, shuka limelala juu ya miguu kama limetandikwa kwenye mbao. Torika alikuwa anampepea. Alipomwona Emosi aliinuka, akatoka.

"Umeniletea mhogo?" Vereniki akauliza.

Emosi alikuwa amesahau kuleta chochote. Akakaa. Akamweleza kuhusu mama yake, mwanzo mpaka mwisho, huku anatazama sakafu. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Alipomaliza Vereniki alikuwa amefumba macho, na Emosi akafikiri amelala.

"Na mitungi?" Vereniki akauliza.

"Wanashuka nayo."

Gari la chakula likapita, likasimama, likaendelea.

"Nilitumia sauti gani siku ile?" akasema. "Nimelala hapa naitafuta. Ningepiga kelele, wangecheka. Nilisema taratibu, wakacheka. Na ningelia?"

"Wangecheka," Emosi akasema.

"Eeh. Wangecheka."

Emosi alimshika mkono. Hakumwona tena baada ya hapo. Vidonda vya mgongoni vilimmaliza kabla msimu haujafungwa, na Yadralevu walikuja kumchukua mtu wao bila kumtania mtu. Lakini siku ile, Emosi alipoinuka kuwahi boti, Vereniki alifumbua macho, akasema kwa ile sauti ya chini:

"Mwambie mama nilikuwa natania. Wewe uongo huwezi, kwa hiyo sema upesi, halafu toka nje kabla hajakutazama usoni."